Mashua Iliyoshonwa Ukumbini

Mji wa Kale, Mombasa
9 Oktoba 2023

Kwa ndugu yangu Abdullah,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta huko Salalah ukiwa na afya na hamu ya kula. Anakuletea Faraj wa duka la udi, kwa hiyo usishangae ikinukia. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mwanangu Duha amepata kazi ya ualimu Ganjoni na sasa anatusahihisha sote mezani. Jirani yetu Yumna amejifungua pacha, na mtaa mzima haulali.

Baba yu vile vile. Tangu kiharusi kimpate, upande wa kulia umelala na ulimi haumtii. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba sasa ameugeukia ukuta. Chakula anakula kwa kubembelezwa, na mazoezi aliyoandikiwa hataki hata kuyasikia.

Mwezi uliopita Odera, yule fundi umeme wa bandarini, alikuja kutupigia randa mlango wa jikoni uliokuwa ukikwama. Naapa, Abdullah, mkono wa kushoto wa Baba ukaanza kwenda na kurudi juu ya shuka, sawasawa na randa. Randa ilipotua, mkono ukatua. Nilisimama pale na bakuli la uji mpaka uji ukapoa.

Basi nimeamua kuunda mashua hapa ukumbini, mbele ya mlango wa chumba chake. Cheka umalize. Mimi ni mshonaji wa nguo za maarusi, hata msumari wa kalenda hugongewa na watu. Lakini siku ile ya mwisho ulimwambia Baba, fundi wa mashua za misumari maisha yake yote, kwamba huko mnaunda mashua kwa kushona mbao na kuzitia gundi. Akacheka, kisha akakasirika, kisha akasema aliyoyasema: chombo cha gundi hakitapita mlango wake, wala mtu aliyekiunda. Ukaondoka na hujarudi tena. Nilikuwa jikoni, nikasikia yote, na neno lililonikaa ni kushona. Kushona nakujua.

Ndiyo, atakasirika. Heri anikasirikie mimi kuliko kuutazama ukuta.

Niandikie kwenye karatasi. Simu siwezi kuishika na mikono ina gundi, na wewe simu zangu huzipokei. Na uniambie utakuja lini.

Dadako,
Jawahir


Salalah
2 Novemba 2023

Dada Jawahir,

Waalaikum salaam. Nimefurahi kwa Duha, na pacha wa Yumna Mungu awakuze. Mimi mzima. Ukungu umekwisha, milima inarudi kuwa ya kahawia, na wageni wa mahoteli wanataka mashua kila mmoja. Kuhusu kuja, kazi ni nyingi msimu huu.

Sikucheka. Nimekuchorea mashua ya watu watatu, inayoingia ukumbini ukitoa kochi. Nunua plaiwudi ya majini. Kabla ya kulipa, igonge kwa kifundo cha kidole kote. Penye uwazi ndani italia sauti nyengine, na hiyo usiichukue.

Ubao mmoja hautoshi urefu, kwa hiyo utaunga miwili. Usiigonganishe ncha kwa ncha, itavunjika hapo hapo. Chonga ncha ya kila mmoja kwa randa iwe mteremko mrefu, mara nane ya unene wa ubao, kisha ulaze mteremko juu ya mteremko na gundi katikati. Ukichonga utaona tabaka za plaiwudi zikitokea kama michirizi. Michirizi ikienda sambamba, umechonga sawa. Ikipinda, randa yako imekula upande mmoja.

Kisha pima nukta nilizoandika, gonga msumari mdogo penye kila nukta, na upitishe ufito mwembamba ukizigusa zote. Uache upinde wenyewe, ndipo uchore. Ukiona nukta moja inaulazimisha ufito, nukta ndiyo iliyokosea. Hilo alinifundisha Baba kwa ufito wa mkoko, nikiwa bado nakwenda chuoni kusoma Kurani. Sikujua nitakuja kulitumia kwa plaiwudi.

Msomee barua hii ukipenda. Usipopenda, basi. Amesema lolote juu yangu?

Nduguyo,
Abdullah


Mombasa
4 Desemba 2023

Ndugu yangu Abdullah,

Salamu nyingi zikufikie, na za Duha, anayesema mwandiko wako umezidi kuwa mbaya. Huku joto limeanza, na kila bibi arusi anataka nguo yenye mikono mirefu, usiniulize kwa nini.

Plaiwudi nilizigonga zote dukani mpaka Mhindi mwenye duka akaniuliza kama natafuta mtu ndani. Hamali akazileta kwa mkokoteni hadi mtaa ulipomshinda kwa wembamba, kisha yeye na Odera wakazibeba kichwani. Watu wakauliza Jawahir anajenga nini. Nikasema kabati.

Kuchonga ule mteremko kulinitoa jasho. Wa kwanza niliuharibu. Wa pili michirizi ikapinda. Wa tatu, Abdullah, michirizi ilitokea imenyooka pembeni hadi pembeni kama ya kikoi kipya, na mimi peke yangu ukumbini nikasema subhanallah kwa sauti. Niliipapasa asubuhi yote. Sikujua ubao umebeba mapambo kama yale ndani yake na watu tunaupaka rangi.

Na ufito! Nilidhani unanitania. Nukta moja ilikuwa inausukuma, nikarudia kupima, na kweli nilikuwa nimekosea mimi. Nilipoisogeza, ufito ukatulia wenyewe, mstari ukawa mzuri hata nikaogopa kuugusa.

Randa ilipoanza, Baba aligeuka kutoka ukutani. Akatazama plaiwudi, akatazama mikebe ya gundi, akafahamu. Akanitupia kijiko kwa mkono wa kushoto, na alinipata. Nilifurahi hata nikalia kidogo. Tangu siku ile kitanda tumekigeuza kitazame ukumbini, maana shingo ilikuwa inamuuma kwa kunikodolea macho.

Barua yako nilimsomea. Kuhusu ulichoniuliza, ile gundi ya mikebe miwili inakauka haraka mno kwa joto la huku, nifanyeje?

Wako,
Jawahir


Salalah
10 Januari 2024

Dada Jawahir,

Waalaikum salaam, na umwambie mwalimu Duha kwamba mwandiko ni wa mtu aliyeshika msasa mchana kutwa.

Gundi ichanganye kidogo kidogo, asubuhi na mapema, na uimimine kwenye sinia pana. Ikirundikana ndani ya mkebe hujipasha moto yenyewe.

Sasa kata vipande ulivyovichora. Karibu na ukingo wa kila kipande toboa matundu kwa keekee, tundu moja kila shubiri. Pitisha waya wa shaba, unganisha kipande cha chini na cha ubavu, na uusokote kwa koleo upande wa nje. Usiukaze mmoja ukamaliza. Kaza kote kidogo, kisha rudia kote tena.

Litakalotokea sikwambii. Mara ya kwanza nilipoliona nilitoka nje ya karakana nikaenda kukaa juu ya tairi.

Sioni umenijibu kuhusu Baba.

Abdullah


Mombasa
20 Februari 2024

Abdullah, ndugu yangu,

Assalaam alaikum. Sote wazima. Salamu fupi leo, nina jambo.

Imesimama!

Nilikuwa na vipande bapa sakafuni, vya ajabu ajabu, hakuna hata kimoja kinachofanana na chombo. Nikavishona. Odera akawa anasokota upande wa pili na kuniambia mama, hii haiwezi kuwa kitu. Duru ya kwanza, kweli haikuwa kitu. Duru ya pili mbavu zikaanza kuinuka kutoka sakafuni. Duru ya tatu omo, pua ya chombo, ikajikunja juu na kuchongoka, katikati ikapanuka, na plaiwudi ambayo ilikuwa imelala chini tangu mwaka jana ikawa mashua. Hakuna aliyeikunja. Hapakuwa na moto wala maji ya moto wala jiwe juu yake. Lile umbo lilikuwa ndani ya mistari tangu ulipoichora. Odera alivua kofia. Mimi nilikaa chini.

Kila siku nachukua kitambaa bapa nakifanya kimkae mtu mwenye kifua na mabega, na sijawahi kustaajabu hata siku moja. Sasa nimestaajabu kwa zote.

Na ujue nimefanya kazi ya fundi mwenye akili. Wewe katika vipimo vyako ulisahau nafasi ya mshono, basi mimi nikaacha vidole viwili kila ukingo, juu na chini, kama ninavyowaachia maarusi. Usijali, sijamwambia mtu kwamba ulisahau.

Utakuja lini? Ramadhani inaingia.

Jawahir


Salalah
18 Machi 2024

Dada Jawahir,

Ramadhani karim. Mungu atupokelee.

Nimesoma barua yako mara nyingi kwa raha, kisha nikafika penye vidole viwili nikashika kichwa. Dada, mbao hazipandani. Zinakutana ukingo kwa ukingo. Hakuna nafasi ya mshono! Katika miaka yote ya kazi hii, nimeona watu wakikosea kwa kupunguza, kwa kupindua kulia na kushoto, kwa kulewa. Kuongeza pindo sijawahi kuona.

Usiogope, itaelea, tena itakuwa na nafasi zaidi. Ila nilipoichora nilipiga hesabu ya mlango wetu wa nje, wa pande mbili. Ikilazwa ubavu ilikuwa ipite upande wa kulia peke yake. Tafadhali pima.

Ndani ya mishono, changanya gundi na unga wa mbao mpaka iwe nzito kama ugali wa kuchotea mboga, ulainishe pembe kwa mgongo wa kijiko. Ikikauka kata waya za nje, zungusha kingo kwa msasa, kisha bandika juu ya mishono kile kitambaa cha nyuzi za kioo nilichompa Faraj. Kilowanishe gundi taratibu na ukitazame.

Abdullah


Mombasa
22 Aprili 2024

Ndugu yangu Abdullah,

Idi njema, ingawa imepita. Tulikula vizuri na Baba alikula bila kubembelezwa, akaomba tena kwa kidole.

Kitambaa chako nilikitazama. Kilikuwa cheupe kama shela. Nikakipaka gundi, na weupe ukaondoka mbele ya macho yangu, nyuzi zikapotea, ubao ukabaki peke yake unang'aa na mishipa yake yote. Nikapeleka kidole, kitambaa kipo. Nikatazama, hakipo. Nilimwita Duha, akaja na yeye akaguna tu. Kuna mambo ambayo mtu anaishi mpaka uzeeni bila kuyaona, na mimi nayaona ukumbini kwetu.

Tanga nimelishona kwa cherehani yangu. Mlingoti ameuchonga Odera. Usukani umekamilika.

Na haipiti. Nilipima mara moja, nikapima tena kwa kutoamini. Hata ikilazwa ubavu, upande wa kulia umepungua kwa vidole vinne, vile vile nilivyoviongeza. Upande wa kushoto, ule wenye mfaa, mti wa katikati ya mlango, unajua sheria yake nyumba hii. Hufunguliwa kwa mambo mawili tu, anapotoka bibi arusi na linapotoka jeneza. Mara ya mwisho ni siku ya Mama. Komeo lake lina kutu, na hakuna wa kuamuru liguswe ila Baba.

Nami ndiye niliyeleta gundi nyumbani mwake. Nitaanzaje kumwomba?

Jawahir


Salalah
15 Mei 2024

Dada Jawahir,

Usimwombe. Kata ukingo wa juu, vidole vinne kuzunguka yote, kwa msumeno wa meno madogo. Itakuwa fupi kimo na haitakuwa nzuri tena, lakini itapita.

Sitaki mlango wa Mama ufunguliwe kwa ajili ya gundi yangu. Alisema hakitapita, wala mimi, na nimeishi na hilo. Kata.

Abdullah


Mombasa
11 Juni 2024

Ndugu yangu mpenzi Abdullah,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kaa vizuri kabla ya kusoma. Hakuna aliyekufa, ingawa mtaa mzima ulidhani hivyo.

Nilikutii. Nilichora mstari kuzunguka mashua kwa chaki yangu ya kushonea, na Odera akaja na msumeno. Baba alikuwa kitandani anatutazama, kama kila siku. Odera akauweka msumeno ukingoni, akauvuta mara moja tu.

"Wata!"

Abdullah, sauti ile ilikuwa ya Baba. Tangu kiharusi kimpate hatujasikia neno kamili. Odera alidhani msumeno umemkata mtu.

"Wata," akasema tena, na mkono wa kushoto ukitupungia tuache, tuache.

Tukamtia kwenye kiti cha magurudumu tukamleta. Nilikuwa nangoja kijiko chengine. Akaweka kiganja ndani ya mashua, juu ya mshono, akaufuata polepole kutoka omo hadi nyuma. Ile gundi imekuwa kama kioo, na matundu ya waya yanaonekana chini yake, yamejipanga shubiri kwa shubiri. Alipoyaona akasimamisha mkono. Akaanza kuyagusa moja baada ya jengine. Kisha akanitazama mimi, si mashua.

"Mtepe," akasema.

Unakumbuka? Alikuwa akituhadithia tukiwa wadogo, tukilala katikati ya hadithi kabla hajamaliza. Vyombo vya zamani vya pwani hii, kabla ya msumari kuwa kitu cha kila fundi, vilivyotobolewa ukingoni na kushonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi mbao kwa mbao, vikaenda mpaka huko uliko wewe. Sisi tulidhani ni ngano. Yeye mwenyewe hajawahi kuuona hata mmoja, aliusikia kwa babu yake. Na sasa ameukuta ukumbini kwake, umeshonwa na binti yake kwa vipimo vya mwanawe. Machozi yalimtoka macho yote mawili, la kulia na la kushoto. Nami sikujizuia. Odera alikwenda jikoni akajifanya anatafuta maji.

Halafu Baba akaonyesha mlango. Nikasukuma kiti upande wa kulia. Akatikisa kichwa. Akaonyesha komeo la kushoto.

Tulilipaka mafuta ya nazi na kuligonga kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Lilipokubali, upande ule ukafunguka na mfaa wake, jua likaingia ukumbini mpaka jikoni. Sikujua ukumbi wetu ni mpana hivi.

Na Baba hakutaka kutoka nyuma ya mashua. Alitaka kutoka ndani yake. Basi tukamkalisha katikati, na kikoi chake na kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, mito kila upande. Hamali na Odera na vijana wa msikitini wakainyanyua mabegani.

Yumna alikuwa dirishani na pacha wake. Akaona upande wa kushoto umefunguliwa. Akapiga ukelele, Abdullah, ambao nadhani waliusikia hadi Feri. "Mzee Yeslam! Inna lillahi!" Milango ikafunguka mtaa mzima. Wanaume wakaja mbio wakivaa kofia, wanawake wakaanza kulia, mmoja alishafika na ubani. Wakamkuta Baba anatoka mlangoni mabegani mwa watu, ameketi wima, anawapungia mkono wa kushoto, na ule upande wa uso unaocheka unacheka.

"Kumbe yu hai!" Yumna akapiga kelele kwa hasira, kama tumemdanganya makusudi.

"Yu hai," nikamjibu, na nikajisikia nikilisema neno lile kwa mara ya kwanza.

Ilipita imesimama, haikulazwa ubavu. Pale Bandari ya Kale tuliishusha majini. Niliinama ndani kutafuta maji yanapoingia, maana sikuamini kwamba mikono inayoshona shela inaweza kuizuia bahari. Palikuwa pakavu. Tanga langu likajaa, Baba akashika usukani kwa mkono mmoja, Odera akashika kamba, na wakaenda. Mimi nilibaki ngazini. Mdomo wangu ulikuwa wazi, Duha anao ushahidi kwenye simu yake.

Sasa nikujibu ulichoniuliza mara mbili nikakuzungumzia gundi. Baba hakuwa akisema lolote juu yako, kwa kuwa hakuwa na ulimi wa kusema, nami sikuthubutu kukuandikia jinsi alivyonuna jina lako lilipotajwa mara ya kwanza. Lakini kila barua niliyomsomea hakuirudisha. Ziko chini ya mto wake. Nilipotaka kipimo ilinibidi nimwinue kichwa.

Tuliporudi nyumbani Odera alikwenda kulirudisha lile komeo la kushoto.

"Wata," Baba akamwambia.

"Baba, hakuna arusi wala msiba," nikasema. "Nani mwengine wa kupita?"

Akalitafuta neno muda mrefu. "Abdullah yuwaja," akasema.

Sikumwambia kwamba wewe hujasema unakuja. Upande uko wazi tangu siku hiyo. Paka wa mtaa wanaingia watakavyo, na usiku Odera ametufungia wavu.

Dadako,
Jawahir


Salalah
29 Juni 2024

Dada yangu Jawahir,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Salamu kwa Duha, kwa Odera aliyeuvuta msumeno mara moja tu, na kwa Yumna na hasira zake.

Barua yako niliisoma karakanani. Nikaenda kukaa juu ya lile tairi, na tajiri wangu akaja kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, baba yangu amepita mlangoni ndani ya mashua. Hakufahamu, lakini akanipa likizo.

Nimeunda mashua nyingi, dada, na sijawahi kuwaza mtepe hata siku moja. Nilidhani nimekiacha alichonifundisha. Kumbe nilikuwa mkononi mwake wakati wote.

Faraj amekwisha rudi Mombasa na sikutafuta mtu mwengine wa kuibeba barua hii. Nimeiandika nikijua nitaitia mfukoni mwangu mwenyewe, maana kwa mdomo sitaweza kuyasema haya, najijua. Nimekupa mkononi, usome kwanza.

Ukifika mstari huu, inua macho. Nimesimama nje ya kizingiti, upande wa kushoto. Mwambie Baba nangoja aniambie nipite.

Abdullah